Redio ya Mchele wa Konzi

Wanawake wa kanisa letu la Tlangzar walitutuma wawili, mimi na Mama Thawng, tukanunue redio ng'ambo ya mto, katika nchi jirani. Fedha zilikuwa za mchele wa konzi. Kwetu kila mwanamke anapopika huchota konzi moja ya mchele kabla hajautia chunguni, akaiweka katika kopo la Bwana. Makopo yakijaa hukusanywa, mchele ukauzwa, na fedha zikafanya kazi ya kanisa. Kwa hiyo kile nilichokuwa nimekifunga kiunoni hakikuwa changu. Zilikuwa konzi za watu, nyingine zimetoka katika nyumba ambazo jioni ile watoto hawakushiba. Nilitembea nazo nikiziogopa.

Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni pale kanisani, na niliweza kufuata namba za kwenye redio. Mama Thawng alichaguliwa kwa sababu hakuna mwenye duka anayemshinda kwa maneno. Wanawake walituagiza redio yenye sauti ya kutosha nyumba ya msiba, ambako vijana wetu huimba mpaka asubuhi. Wengine waliongeza kwamba ikiwa na tochi itakuwa vizuri zaidi.

Lakini nilikuwa na jambo langu ambalo nilikuwa nimemwambia Mungu peke yake. Mvua zilipokuwa zinaisha, binti yangu Ngun Par aliondoka kwenda Malaysia kwa njia za wakala. Alipanda gari moja na Thawng Lian, mtoto wa kwanza wa Mama Thawng. Wiki ileile simu zote za milimani kwetu zikakatwa, na tangu hapo ikawa kimya. Wifi yangu anaishi ng'ambo, ambako simu zinafanya kazi. Alimpigia wakala mpaka namba yenyewe ikafa. Watu wetu walioko Malaysia wana kamati inayozunguka makambini wanakozuiliwa wahamiaji na katika vyumba vya wafanyakazi, ikiandika majina ya waliopatikana. Ukiwapigia hujibu neno moja tu: sikilizeni redio. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili jioni kwa saa ya kwetu, kipindi cha lugha yetu husoma majina hayo kwenye masafa mafupi, baada ya wimbo na neno fupi.

Nilitaka redio ya kushika majina. Njia nzima ya kuteremka mtoni nilikuwa nikiomba moyoni: Bwana, nisije nikanunua masikio yangu kwa mchele wa wenzangu.

Tulifika darajani mchana wa Jumamosi. Mlinzi wa daraja alitaka kupekua kikapu changu, nami nikampa Mama Thawng simu yangu anishikie. Simu ile ilikuwa haina kazi tena isipokuwa kunionyesha saa. Niliitegemea kwa hilo, maana ng'ambo ile saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na mtu akizoea kutazama saa za ukutani za watu hupotea. Nilijiambia kwamba jioni ile sitatazama saa ya mtu yeyote ila simu yangu mwenyewe.

"Hakuna kitu humu," nilimwambia mlinzi. "Mahindi ya kuchemsha tu."

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha Mama Thawng.

"Huyu naye ni mahindi," akajibu Mama Thawng, "ila yameshakomaa, hayatafuniki."

Mlinzi akacheka, akatupitisha. Mama Thawng akanirudishia simu bila neno, nami nikaitia mkobani.

Duka la Rokima lilikuwa mwisho wa soko, lenye kuta za mabati na mwanga mkali wa taa nyeupe. Rokima alikuwa kijana mnene, shati lake la kanisani limepigwa pasi tayari kwa ibada ya Jumamosi jioni. Alituita mama zangu, akatupa vigoda, akatuletea chai nyeusi. Kisha akapanga redio mbili mbele yetu, akazitaja bei.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyekundu, na ina mpini. Ukiiwasha, taa za rangi huzunguka kwenye spika. Ilikuwa na tochi, na tundu la kuchomekea kadi yenye nyimbo. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndogo kama kitabu cha nyimbo. Haikuwa na urembo wowote ila antena ndefu na mshale mwembamba mwekundu uliokuwa ukitembea juu ya namba.

Rokima akawasha ile kubwa, na kwaya ikajaa dukani. "Hii ikiimba, hata mbuzi wa mchungaji wataokoka," akasema.

"Mbuzi wa mchungaji wetu ni wakaidi, lakini tujaribu," akasema Mama Thawng. Alikuwa ameshaishika mpini. "Mama Ngun, ndiyo hii. Twende zetu."

"Ngoja," nikasema. "Inashika masafa mafupi?"

"Imeandikwa hapo," akasema Rokima. "Bendi nane."

Nilisoma, na kweli ilikuwa imeandikwa. Lakini nilipozungusha kitufe, kwaya ileile ya mjini ikatokea kwenye bendi ya pili, na ya tatu, na ya tano. Mshale wake ulikuwa mnene kama kidole, na stesheni tatu zingeweza kulala chini yake. Nikaichukua ile nyeusi. Ilikoroma kama mafuta kwenye kikaango, basi. Hapa na pale kulikuwa na sauti ya mbali ya Kichina.

"Hiyo ni ya wazee," akasema Mama Thawng. "Kwenye msiba itamwimbia nani? Marehemu peke yake ndiye atakayeisikia."

"Mchana masafa mafupi hulala," Rokima akasema. "Na taa zangu hizi zinaichafua. Jioni ndiyo utaijua. Mama, unataka kusikiliza kipindi gani?"

Hapo ningemwambia. Lakini Mama Thawng alikuwa ananitazama, na fedha zilikuwa zinanibana kiunoni, nami nikaona aibu. "Kipindi cha kanisa," nikasema. "Saa kumi na mbili jioni kwa saa ya kwetu. Tunaweza kungoja tukaijaribu?"

"Ngojeni. Ila mkumbuke leo ni Jumamosi. Kengele ya ibada ikilia nafunga, na kesho hapa hakuna anayeuza hata kiberiti."

Hilo nililijua. Ng'ambo kwa wenzetu Jumapili hainunuliwi chumvi wala haiuzwi, na daraja nalo hufungwa mpaka Jumatatu. Sisi tungelala kwa wifi yangu. Tukaenda kukaa nje kwenye benchi, mimi na ile redio nyeusi mapajani, mbali na taa za duka. Antena niliivuta yote.

Kungoja kule kulinichosha kuliko njia. Niliogopa kuikosa stesheni, na niliogopa kuipata. Je, kama jina lake lingesomwa na mimi nimegeuza kitufe nywele moja pembeni? Je, kama lisingesomwa? Kila mara nilitoa simu nikaitazama. Mama Thawng alitafuna mahindi, akawasema wapita njia mmoja mmoja, viatu vyao na waume zao, kwa sauti ya chini. Siku zote alikuwa hivyo, lakini siku ile mdomo wake haukupumzika kabisa.

Giza likaanza kuingia kabla sijalitarajia. Nikajiambia ni kwa sababu tuko bondeni, kwetu mlimani jua hukaa zaidi. Simu ilipoonyesha saa kumi na mbili kamili, nikauweka mshale palipo na namba niliyoikariri tangu mvua, nikafumba macho.

Ilikoroma tu.

Nikausogeza kidogo huku, kidogo kule. Kulikuwa na muziki wa Kihindi, kisha mtu anasoma habari kwa lugha nisiyoijua. Nikausimamisha tena pale pale penye namba, nikaweka sikio kwenye spika. Hakukuwa na wimbo wetu wala mtu.

"Haishiki," akasema Mama Thawng. Alisema polepole, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Basi. Afadhali. Twende tukaichukue ile kubwa."

Tukarudi ndani. Redio isiyoshika kipindi, ningewaambia nini wenye mchele? Nikainua shuka, nikaanza kufungua fundo la fedha. Fundo likagoma.

Rokima alikuwa anapanga bidhaa zake. "Imekuwaje?"

"Haishiki kipindi," nikasema. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshakata tamaa na aibu haikuwa na faida tena, nikamwambia yote. "Kile kipindi cha majina. Binti yangu alikwenda Malaysia."

Akaacha kupanga. "Kipindi cha majina? Mama, hicho kimekwisha zamani. Kila anayenunua redio kwangu ananiuliza hicho."

"Kinaanza saa kumi na mbili, saa ya kwetu."

"Ndiyo. Na sasa kwenu inakaribia saa moja na nusu."

Nikamwonyesha simu. Aliitazama, akaniinulia uso taratibu, kama mtu anayepaswa kutoa habari ya msiba.

"Simu yako imeshika mnara wa huku. Zikivuka mto zinajigeuza zenyewe, zinafuata saa yetu. Kumi na mbili uliyoiona ni ya huku. Kwenu ilikuwa saa moja, na kipindi ni cha nusu saa tu."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeikimbia saa ya ukutani ya watu, kumbe naibeba mkobani. Majina yalikuwa yamesomwa mimi nikiwa benchini na redio mapajani imezimwa, nikitunza betri.

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Rokima akavuta mlango wa bati nusu.

"Kitarudiwa kesho alfajiri," akasema. "Lakini si hapo kwenye mshale. Alfajiri hushuka upande wa kushoto, hapa." Akanionyesha kwa ukucha.

"Kesho wewe huuzi," nikasema. "Na leo siwezi kutoa fedha za watu kwa redio ambayo sijaisikia."

"Sitauza, mama yangu. Nitakuazima. Kuazima Jumapili si dhambi, hata mchungaji aliniazima pikipiki." Akaifunga redio nyeusi kwa gazeti, akanitia mikononi. "Ikisema, Jumatatu utanilipa. Isiposema, utanirudishia."

Mama Thawng, asiyeshindwa na mwenye duka, alikuwa ameshageukia mlango. Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri.

Njia ya kwenda kwa wifi yangu inapanda ngazi za udongo kati ya nyumba. Watu walikuwa wanateremka kwenda ibadani na vitabu vyao vya nyimbo kwapani, tukawapisha. Walipokwisha pita, Mama Thawng akasimama.

"Niliiona," akasema.

"Umeona nini?"

"Simu. Pale darajani, nilipokushikia. Ilikuwa saa tisa, ikatetemeka, ikawa saa nane. Nikakurudishia."

"Mama Thawng. Wewe hujui kusoma."

"Sisomi maneno. Tisa na nane hata kuku anazijua."

Niliona hasira inapanda kifuani kama maziwa jikoni. Nikamwomba Mungu anizuie kinywa.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe unataka kujua. Mimi sitaki." Aliketi kwenye ngazi, akajifunika shali mpaka kidevuni. "Kila asubuhi naamka nina mtoto aliyeko njiani. Njia ni ndefu, basi yuko njiani. Leo amechelewa, kesho amechelewa. Redio ikisoma majina na lake halimo, nitaamka nina nini?"

"Ndiyo maana uliipenda ile yenye taa."

"Ile ingeimba tu. Haingeniambia kitu."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Mimi na yeye tulikuwa tumepanda mlima mmoja miezi yote ile, nami nilidhani yeye hana mzigo kwa sababu anafanya mzaha.

"Basi usisikilize," nikamwambia. "Nitasikiliza peke yangu. Sitakuambia lolote."

"Huwezi. Uso wako ni dirisha lisilo na pazia." Akanyoosha mkono nimwinue. "Twende. Wifi yako atamaliza nyama yote."

Usiku ule sikulala sana, nilikuwa naomba. Sikuomba maneno mengi. Nilitaja majina mawili, la mtoto wangu na la mtoto wa Mama Thawng, na nilijitahidi kutoyapa uzito tofauti. Sikuweza. Jina la mtoto wangu lilikuwa linatangulia kila mara.

Kabla hakujapambazuka wifi yangu akachochea moto. Tukafunga waya kutoka kwenye antena mpaka kwenye dari la kukaushia nyama, juu ya jiko. Nikaupeleka mshale kushoto, hapo palipokuwa na alama ya ukucha kichwani mwangu. Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, na kisha, kama mtu anayefungua mlango, wimbo wetu ukaingia jikoni kwa lugha yetu.

Mama Thawng alikuwa amelala ameelekea ukuta, blanketi mpaka kichwani. Wimbo ulipofika ubeti wa pili nilimsikia akiamka. Akaja na blanketi lake, akakaa upande wa pili wa moto. Hakunitazama.

Msomaji alikuwa mwanamke. Sauti yake ilikuja na kwenda, kama mtu anayesema huku akizunguka kilima. Alisoma jina, na kijiji, na mzazi, na neno moja la hali. Yuko kazini. Yuko hospitali. Yuko kambini. Vijiji vya kusini vikapita, kisha vya mtoni. Nilikuwa nimeshika kitufe bila kukigeuza, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

"Ngun Par," ikasema redio. "Wa Tlangzar. Binti wa marehemu Za Mang. Yuko kambini. Anamsalimu mama yake."

Wifi yangu akaniwekea mkono begani. Nilingoja jina la pili kwa nguvu kuliko nilivyongoja la kwanza, maana walipanda gari moja, na nilidhani wangesomwa pamoja. Sauti ilizunguka kilima ikarudi. Likafuata jina la kijiji kingine, na kingine tena. Kisha mwanamke yule akasema kwamba majina mengine yatasomwa Jumamosi ijayo, akatuombea amani, na wimbo ukaanza upya.

Moto ulikuwa unapasuka. Nilitaka kulia kwa furaha, lakini Mama Thawng alikuwa upande wa pili wa moto. Nilijaribu kufunga uso wangu. Nilijua sikufanikiwa.

"Yuko hai," akasema Mama Thawng.

"Kambini."

"Kambi si kaburi." Akanyoosha mkono, akaizima redio. "Usimalize betri."

Akarudi kwenye mkeka wake, akajilaza akielekea ukuta. Blanketi lilikuwa linatikisika. Nilikwenda nikajilaza nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, kama tulivyokuwa tukilala na watoto wetu wakiwa wadogo. Hakunifukuza, tukalala hivyo mpaka kulipokucha.

Kanisani, mhubiri alipowaita wenye shukrani wasimame, nilibaki nimekaa. Watu waliinuka huku na huku. Mimi nilitazama vidole vyangu. Ndipo nikasikia kiwiko mbavuni.

"Simama," akaninong'oneza.

"Siwezi, Mama Thawng."

"Simama. Usimnyime Mungu asante yake kwa ajili yangu. Mimi nitasimama siku yangu."

Nikasimama. Nilisema maneno machache ambayo siyakumbuki.

Jumatatu asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Rokima kabla hajafungua. Nilimwambia kwamba redio imesema. Lakini nilipogusa fundo la fedha, woga wa siku zote ukanirudia. Ile kubwa ilikuwa pale pale, nyekundu, na mpini wake. Hii yangu haikuwa na tochi, wala nyimbo, wala sauti ya msibani.

"Bado naogopa," nikamwambia Mama Thawng. "Ni mchele wao. Mimi nimeshasikia nilichotaka. Labda sasa tuwachukulie waliyoiagiza."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mjinga. "Unadhani hawajui? Siku tunaondoka mama mchungaji alinivuta pembeni. Akasema, hayo ya tochi ni maneno ya watu, mwache Mama Ngun achague, ndiye mwenye shida. Na wewe pia, akaniambia. Mimi neno hilo nikalimeza. Sasa nalitapika." Akamgeukia Rokima. "Tunachukua nyeusi. Na bei hiyo uliyoitaja, ulikuwa unamtania nani?"

Walizozana mpaka chai ikapoa. Mama Thawng aliichambua redio ile, akaisema antena kwamba ni mguu wa korongo mgonjwa, akamuuliza Rokima kama mama yake anajua anavyowafanyia wajane. Alipunguziwa, akaongezewa betri, akaomba na waya. Kisha akaichukua mikononi mwake kwa mara ya kwanza.

"Sasa nionyeshe," akamwambia. "Jioni ni wapi, alfajiri ni wapi."

Rokima akamwonyesha.

"Tena. Mimi sisomi. Vidole vyangu ndivyo vitakavyokumbuka."

Akamwonyesha tena. Mama Thawng akafumba macho, akageuza kitufe mwanzo mpaka mwisho, akarudi, akasimama penyewe. Akarudia mara nyingi. Wateja wengine waliingia, wakangoja, hakuna aliyemharakisha.

Aliivingirisha kwenye blanketi lake, akaitia katika kikapu chake, si changu. Tulivuka daraja, tukaanza mlima. Palipokuwa na mwinuko mkali nilimwambia anipe nimpokee. Akakaza ukanda wa kikapu kwenye kipaji cha uso, akaendelea kupanda mbele yangu.